Jenkin Tapscott, Mvuta Mivukuto wa Combe Tawley

Wapo watu wamejaliwa vipaji. Jenkin Tapscott alijaliwa mikono miwili na mdomo mmoja, na mdomo ndio ulifanya kazi zaidi. Katika kanisa la kijiji cha Combe Tawley alikaa nyuma ya kinanda, akivuta mivukuto ili upepo uingie kwenye mabomba yake ya bati. Kazi ya maana, tena ya kutoa jasho. Lakini ungemsikia kilabuni.

"Yule mzee anayepiga kinanda anachezesha vidole tu," alikuwa akisema. "Muziki ni mimi."

Ibada yao ilikwenda kwa zamu: ubeti huu waimbaji, ubeti unaofuata kinanda peke yake, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kwa hesabu ya Jenkin, nusu ya sala za kijiji zilipanda mbinguni kwa nguvu ya mabega yake.

Akaja mfalme mpya na wakubwa wapya, wakaamuru vinanda viondolewe makanisani na nyimbo ziimbwe kwa Kiingereza, si Kilatini. Kijiji kikatii, utiifu wa kupigiwa mfano: wakakifungua kinanda kipande kipande, wakakificha ghalani kwa Padri Gilbert, chini ya majani makavu. Jenkin akarudi kulisha nguruwe, ambao kwa bahati mbaya hawakujua yeye ni nani.

Jumapili moja akafika mkaguzi kutoka London, kuona kama amri inafuatwa.

"Jenkin, ndugu yangu," Padri akamwambia mlangoni, "leo ukifungua mdomo, mabomba yote yatayeyushwa yawe sahani."

"Mimi, Padri? Mimi ni kaburi."

"Kaburi lisilo na mfuniko," akasema Thomasine, mke wa Jenkin.

Ibada ikaanza. Waimbaji wakaimba ubeti wa kwanza kwa Kiingereza safi, kama ilivyoamriwa. Kisha, kwa mazoea ya miaka, wakanyamaza wote kusubiri kinanda. Kinanda kiko ghalani. Mkaguzi akainua kichwa. Hakuna aliyethubutu kuendelea, maana zamu haikuwa yao.

Jenkin alivumilia, Mungu shahidi, kama anavyovumilia mtu mwenye chafya. Kisha ikamtoka puani: "Tuuu, ruu, ruuu," ubeti mzima wa kinanda, huku mabega yakipanda na kushuka.

Mkaguzi akamsogelea. "Hicho ni kinanda kabisa. Umejifunzia wapi?"

Mnaona majaribu hayo? Mkubwa wa London anamuuliza Jenkin habari za ufundi wake. Swali alilolisubiri tangu azaliwe, na jibu analo, refu, lenye mapambo. Akamtazama Padri, ambaye uso ulikuwa umempauka kama unga. Akameza mate, na sifa zake zote humo humo.

"Mimi kichaa, mheshimiwa."

"Kichaa?"

"Muulize mke wangu."

Thomasine akasimama kwa kasi ambayo Jenkin hakuwahi kuiona kila alipomdai chakula. "Kichaa kabisa, mheshimiwa. Tangu tuoane. Nikuletee mashahidi?"

Nusu ya kanisa wakanyoosha mikono bila kuombwa.

"Mungu amponye," akasema mkaguzi, akaenda kula bata bukini wa Padri.

Jumapili iliyofuata waimbaji walimaliza ubeti wao, wakamgeukia Jenkin. Amri ilikataza vinanda, vichaa haikuwataja.

"Haya, kichaa," Padri akanong'ona. "Zamu yako."

Jenkin akasafisha koo. Jioni, kilabuni, aliwaeleza wote kwamba kusema kweli hayo mabomba yalikuwa yanamchelewesha tu.