Spika Mpya na Mtungi wa Baba

Leo nimefumua spika mpya siku ile ile niliyozinunua.

Mama ametoka eda. Redio kubwa ya sebuleni hataki kuigusa, anasema ni ya marehemu baba. Basi nikaenda Ngamiani kumtafutia spika za bei nafuu, za chumbani kwake.

Nimezichagua kwa makini, jamani. Boksi la mbao, besi safi.

Nikaziwasha. Mama akasikiliza kidogo, akatoka. Akamwaga maji yaliyokuwa kwenye mtungi wa kunywa, akaja nao chumbani.

"Moja iweke humu."

Wenye umri wangu mnakumbuka. Wakati ule wa shida, madukani hamna hata sabuni, baba alipata spika isiyo na boksi. Akaipachika kwenye mdomo wa mtungi ili itoe besi. Mtaa mzima ukaja kusikiliza. Ilipokuja ruksa ya bidhaa za nje akanunua redio ya maana, mtungi ukarudishiwa maji.

Nikamwambia, "Mama, hizi zina besi ya kutosha."

"Najua, mwanangu. Wewe iweke tu."

Boksi halikuingia. Nikachukua bisibisi, nikaing'oa spika, nikaipachika mdomoni kama alivyofanya baba.

Mtungi ukaanza kutetemeka.

Mama akakaa chini, akaweka kiganja kwenye tumbo la mtungi.

"Mwenzangu alikuwa anashika upande ule," akasema.

Upande ule ulikuwa mbele yangu.

Sikuweza kuweka mkono.

Nyie mngeweka?