Vikalio Kumi na Viwili vya Maganda ya Mgomba

Mke wangu hakukubali mgeni awekewe kikombe juu ya meza tupu. Katika nyumba yetu ya mtaa wa Sekei, karibu kila kitu alichokigusa mgeni kilikuwa kimepita kwanza mikononi mwake: vitambaa vya makochi alivyovifuma kwa uzi mweupe, vifuniko vya jagi la maziwa vilivyoshonewa shanga pembeni ili upepo usivipeperushe, na vikalio vya vikombe vya maganda makavu ya mgomba. Maganda hayo tuliyaleta kutoka shambani kwetu mlimani. Aliyachana, akayalowesha kidogo yasikatike, akasuka mkia wa nyuzi tatu, kisha akauzungusha kama gamba la konokono huku akiushona. Kazi yangu ilikuwa kushika ncha.

"Umenyoosha mipaka ya wilaya nzima, Baba," aliniambia, "mkia wa mgomba unakushinda."

Nilikuwa mpima ardhi. Katika kazi ile nilijifunza kwamba mpaka unaoonyeshwa kwa mdomo haufai kuchorwa kwenye ramani. Mara nyingi nimekuta jirani aliyeapa kwa jina la babu yake akiwa amekosea kwa hatua ishirini. Kanuni hiyo nilikuja nayo nyumbani, na sikuwahi kujiuliza kama nyumbani ndipo mahali pake.

Alipoanza kukonda, hospitali ilichukua kipande kidogo cha ini lake kwa uchunguzi, tukaambiwa tungoje majibu. Wakati huo alikuwa anasuka vikalio kumi na viwili kwa ajili ya ibada ya jumuiya yetu ya kanisa, ambayo huzunguka nyumba kwa nyumba kila Alhamisi asubuhi. Zamu yetu ilikuwa bado wiki tano. Alisuka akiwa kitandani, ameegemea mito, maganda yamelala juu ya blanketi. Siku alipomaliza cha kumi na mbili alivipanga mapajani, akavihesabu, akasema, "Wangekuja hata Alhamisi hii, vimetosha."

"Ratiba ipo," nilimjibu.

Alivikusanya, akavifunga pamoja kwa uzi.

Kesho yake kiongozi wa jumuiya, mama mjane tunayepakana naye kiwanja, alinikuta uani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama."

"Nimekuja kuomba tusogeze ibada ije kwenu wiki hii. Watu wanasema mama hali yake si nzuri."

"Watu gani?"

Alitazama chini. "Watu tu, Baba."

"Hao watu wameona majibu ya hospitali?"

"Hawajaona."

"Hata mimi sijayaona. Yakija, nitakuita tuyasome pamoja. Kabla ya hapo sitaki mke wangu azikwe kwa maneno ya sokoni."

"Ibada si mazishi, Baba."

"Basi ingoje zamu yake."

Aligeuza macho kwenye dirisha la chumba chetu, kisha akaniaga kwa adabu. Niliridhika. Nilidhani nimemkinga mke wangu.

Majibu yalikuja baada ya siku kumi na moja. Yeye alikuwa ametangulia kwa siku mbili.

Wageni walijaa nyumbani kuliko siku yoyote ya maisha yake. Lakini anayeujua msiba wa kwetu anajua jambo la kwanza linalofanyika: wanawake huondoa kila kitu sebuleni. Makochi yalitolewa nje, meza zikasukumwa stoo, vitambaa vikakunjwa na kuwekwa kabatini. Magodoro na mikeka ikatandikwa chini. Watu walikunywa chai ya msiba katika vikombe vya plastiki vya kuazima, na hakuna aliyeona hata kimoja cha vikalio alivyowaandalia.

Tulipokwisha kumzika shambani, kati ya migomba, yule jirani alibaki nyuma akanifuata.

"Baba, nisamehe kwa neno hili. Siku ile sikutumwa na watu. Alinituma yeye mwenyewe."

Nilimwuliza kwa nini hakusema.

"Alinikataza. Alisema ukijua ni yeye utamwuliza ameyajuaje majibu kabla ya daktari, naye hana cha kukuonyesha."

 Mwili wa mke wangu ulikuwa umempa habari ya kweli, na mimi nikaiita uvumi.

Zamu yetu ilifika ilivyoandikwa kwenye ratiba. Jirani alitaka kuiruka, nikakataa. Nilirudisha meza, nikatandika vitambaa, vingine kichwa chini kama nilivyoelezwa baadaye, nikapanga vikalio vyote kumi na viwili. Walikuja akina mama tisa. Niliwamiminia chai wakati ibada inaanza, nao wakavishika vikombe vya moto wakivihamisha mkono huu kwenda mkono ule, hadi somo likaisha. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuweka kikombe juu ya kazi ya marehemu.

"Wekeni," nilisema. "Aliwatengenezea ninyi."

Jirani aliweka chake. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, polepole. Nilizunguka nikiwaongezea chai. Wiki tano kabla ya siku hiyo, mke wangu angeweza bado kukaa kwenye kiti, akawaona.