Vumbi Likitua

Wanajenga reli mbele ya fleti yetu hapa Langley Park, huku ughaibuni, na vumbi lao limejaa juu ya sanduku langu. Kila nikilifuta, pua inanirudisha Ghana, baba alikokuwa akifundisha. Ulikuwa msimu wa upepo wa jangwani: jua lilififia kama sahani ya bati, midomo ilipasuka, ndege zikazuiwa kuruka. Bibi mzaa mama alikuwa mahututi Tanga. Kila asubuhi mama alilifuta sanduku letu la safari, akanivalisha viatu vya safari.

"Leo tunaenda?"

"Vumbi likitua, mwanangu."

Siku ya nne simu ililia. Mama alisikiliza, akaja, akapiga magoti, akaanza kunifungua kamba za viatu.

"Lakini mama, vumbi bado halijatua."

Akanivua cha kulia, kisha cha kushoto.