Kasoro Niliyoisikia Peke Yangu

Nilikuwa Dakawa nikichagua mchele pale simu ilipoita kunieleza kwamba rafiki yangu wa Bigwa, fundi mstaafu wa reli, amefariki alfajiri na anazikwa baada ya adhuhuri. Wasomaji wangu mnanijua, huwa sifichi. Mdomo ulisema innalillahi, lakini moyoni swali la kwanza lilikuwa: zile spika sasa zinakwenda kwa nani? Nilijionea aibu, nikawahi maziko.

Niwaeleze spika zenyewe. Mbili, za Ulaya, za miaka ya sabini, zinanifika kifuani. Marehemu aliziokoa kwenye klabu ya shamba la mkonge lililofungwa, watu wamezigeuza meza ya kuwekea madumu ya maji. Unyevu wetu huu wa Uluguru ulikuwa umeshaozesha sponji za ukingoni. Akabadilisha sponji, akapitisha waya mpya wa shaba ndani, akaunda makasha mapya ya mninga na kuyapaka nta mpaka unajiona uso. Siku aliyoziwasha aliweka dansi la zamani, na jamani, nilisikia hadi kidole cha mpiga gitaa kinavyoteleza kwenye uzi. Besi yake haikuwa na makelele. Ilikuja taratibu ikakaa kifuani. Mimi nyumbani nina kispika cha bluetooth chenye taa za rangi, kama cha muuza sumu ya panya. Wivu ulinikaba, nasema kweli.

Ujanani nilipiga besi katika bendi moja ya hapa mjini, kwa hiyo aliyaamini masikio yangu kuliko ya mtu yeyote. Akaniuliza zikoje. Nikakunja uso wa kitaalamu, nikamwambia upande wa kushoto kuna kitu kinakwaruza kwa mbali. Hakukuwa na kitu. Nilitaka tu asistarehe na raha ambayo mimi sina. Jumapili iliyofuata nikamkuta ameifungua ile ya kushoto, vipande vimetandazwa mkekani, na ameshabadilisha hiki na kile. Akanimiminia chai ya tangawizi, akaiwasha, akauliza, “Bado?” Nikasema bado, kidogo. Ikawa ndiyo desturi yetu kwa miaka. Siku hizi ukimwambia fundi kazi yake ina kasoro, atakujibu masikio yako ndiyo mabovu. Yeye alilelewa katika karakana ambako mtu akilalamika, unafungua upya bila kununa. Tabia hiyo tumeiacha ife, na mimi niliyeijua vizuri ndiye niliyeitumia kumtesa.

Msibani muziki haukupigwa, kama ilivyo ada. Arobaini ilipopita, mjane wake akaniita. Nikaenda mbio, tena, Mungu anisamehe, nikiwa nimeshapima sebuleni kwangu pa kuziweka. Akaniketisha katikati ya spika zote mbili, akaweka wimbo. Zilikuwa nzuri kupita siku zote nilizozisikia. Ulipoisha akasogeza kigoda karibu yangu.

“Shemeji, wewe ndiye uliyekuwa unaisikia. Nionyeshe hiyo kasoro iko wapi. Mwenzio tangu azilete hajawahi kukaa akasikiliza wimbo ukaisha. Yeye ni kuinamia ya kushoto tu, anaitafuta.”

Ningeweza kubuni neno la kifundi nikaondoka salama. Nikashindwa.

“Haikuwapo, shemeji. Niliona wivu.”

Hakunitukana. Alizima amplifaya, akaniuliza kama nimekula, kisha akanisindikiza hadi barabarani kwa adabu ileile ya siku zote. Habari za spika sikuziuliza tena. Nilizoea kudhani wivu unamchoma mwenye nao tu, kwamba nilijiunguza peke yangu kwa kukitamani cha mwenzangu. Si kweli. Spika zile hazikuwahi kuwa zangu hata siku moja, na kwa neno langu moja, hazikuwahi kuwa zake pia.