Kovu Lililohama Shavu

Mume wangu alikuwa seremala huko Kihanga. Padri alimwagiza achonge ubao wa kupigia chapa sura ya mama mzazi wa Bikira Maria, msimamizi wa kigango chetu, na alitaka uso wa bibi kizee wa hapa hapa. Bibi kizee wa karibu alikuwa mama yangu, na kwetu mkwe hamtazami mama mkwe wake usoni. Ni aibu kwa wote wawili.

"Watu wakinitambua nahama," mama alisema. Lakini alikubali.

Nikawa macho ya mume wangu. Yeye alikaa uani na patasi, mama ndani nyuma ya ukuta wa matete akimumunya punje za kahawa, mimi mlangoni.

"Pua?" mume wangu aliuliza.

"Pana kidogo."

"Mwambie mkwe wangu nina masikio," mama akadakia. "Pua pana ni ya baba yako."

"Meno?"

Nikachungulia ndani. Yalibaki mawili.

"Mwambie yote yapo!"

Akayachonga yote. Kovu la shavu la kushoto, alipochanwa na pembe ya ng'ombe, nililitaja mwenyewe. Uongo wa meno ulinitosha kwa siku moja.

Tulipaka ubao masizi yaliyokorogwa na mafuta ya mbarika, tukalaza kitambaa cheupe cha amerikani juu yake na kusugua kwa mgongo wa kijiko. Tulipokibandua, mume wangu alijishika kichwa. Chapa hugeuza kila kitu: kovu lilikuwa limehamia shavu la kulia. Hakuwa na ubao mwingine, na misa ya sikukuu ilikuwa kesho yake. Kitambaa kikatundikwa altareni hivyo hivyo.

Baada ya misa jirani yetu, mwanamke asiyeweka neno moyoni, alimkamata mama mlangoni mwa kanisa.

"Mama, yule pale si wewe? Mkwe wako alikutazama lini?"

Watu wakageuka. Mume wangu akainamia viatu vyake.

Mama alichukua kidole cha jirani, akakiweka kwenye kovu lake. "Hili liko shavu gani?"

"La kushoto."

"Na la mtakatifu?"

"La kulia."

"Basi usinipandishe altareni kabla sijafa."

Walicheka mpaka padri akatoka kutazama.

Sasa mama amefariki, na picha nyingine hakuacha. Kitambaa kile kilipochakaa nilikiomba kigangoni. Masizi yalipenya hadi nyuma. Nikimkumbuka mama nakigeuza, nakielekeza dirishani, na kovu linarudi kushoto.

Meno bado yote yapo. Hayo nimemwachia.