Kadi ya Sauti ya Eustorgio

Eustorgio Cassiani nilimjua tangu akikojoa kitandani, kwa hiyo asije mtu hapa Barranquilla kunifundisha habari zake.

Maisha yake yalikuwa picó, yale maspika yetu makubwa kama kabati, yamechorwa rangi mbele. Lake aliliita Nyuki Dume. Siku moja lilikohoa, paa langu likahamia kwa jirani, nikalifuata na ngazi.

Heshima ya picó ni kuwa na wimbo ambao wenzako hawana. Eustorgio alikuwa nao, kwenye santuri iliyotoka Afrika. Karatasi ya katikati aliikwangua kwa kisu, mtu asisome jina wala mwimbaji. Sisi majirani, tuliousikia akiujaribu chumbani, tukaubatiza Bata Mlevi. Angeupiga hadharani mara ya kwanza Jumapili ya kanivali, na juu yake sauti yake mwenyewe ikilisifu Nyuki Dume. Mwaka mzima alikuwa akiisubiri Jumapili hiyo.

Majigambo aliyarekodi chumbani, kwenye kompyuta. Lakini ile sauti ambayo kompyuta ilizaliwa nayo ilikuwa balaa. Friji likiwaka tu, wimbo mzima unakoroma kama paka mwenye pumu. Kuku wangu waligoma kutaga.

Ndipo akaja Nacianceno, kompadre wake, aliyemsimamia bintiye ubatizo. Mkononi bisibisi, na kadi ya sauti, kibao cha kijani kama kiganja.

"Kompadre, nikishaichomeka hii humo ndani, utasikia mpaka dhambi zako."

"Zangu chache. Tuanze na zako!"

Akaichomeka. Wakawasha maikrofoni. Bikira ni shahidi wangu, nilikuwa dirishani: nilisikia mbu akimeza mate.

Eustorgio alimkumbatia hadi machozi yakamtoka. "Kaa hapo hapo, nikakununulie arepa za yai." Akaenda kufuata maandazi hayo ya mahindi, akamwacha na kompyuta, na santuri, na kila kitu.

Jumapili, kabla Nyuki Dume halijawashwa, picó la mahasimu ng'ambo ya barabara likafyatua Bata Mlevi. Eustorgio alisimama na santuri yake kwapani.

"Labda wamepata ya kwao," nikamwambia, angalau apumue.

Magitaa yakatulia kidogo. Katika utulivu ule, spika la mahasimu likasema, safi kabisa:

"Haloo? Ninao, naurekodi sasa hivi. Kondoo kaenda kuninunulia arepa."

Nacianceno alipokuwa akiunakili wimbo, maikrofoni ilikuwa imeachwa wazi. Kwa ile sauti ya zamani ya kompyuta, mkoromo ungeyameza maneno yale. Hata kwa redio ndogo yasingesikika. Lakini spika refu kama mlango halifichi kitu.

Mtaa ulicheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka hadi jino langu la mwisho likahama. Kisha nikamtazama Eustorgio, nikalirudisha jino mahali pake.

Nacianceno akaja mbio, bado ana usoni unga wa kurushiana kwenye kanivali.

"Kompadre, nisikilize..."

"Kondoo?"

"Ulikuwa utani, kompadre! Wale jamaa walinibana, mimi nika..."

"Nilikuletea tatu," Eustorgio akasema. "Ukazila zote. Hata ukaniuliza mbona sili."

Akaitia santuri ndani ya ganda lake, akapiga magoti, akaanza kukunja nyaya za Nyuki Dume.