Tonge Nililotema Siku ya Idi

Wali ulikuwa bado unalia ndani ya bakuli ulipowekwa mbele yangu. Ulikuwa unalia kweli, chaaa, kama sufuria iliyosahauliwa motoni, kwa sababu bakuli lenyewe lilikuwa la jiwe jeusi na lilitoka jikoni likiwa la moto kuliko jiko langu la mkaa. Juu ya wali walikuwa wamepanga karoti, mboga za majani na uyoga, na yai limekaa katikati linanikodolea macho. Pembeni kulikuwa na kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, harufu yake inakuingia puani bila hodi. Mgahawa huo ni wa mama mmoja Mkorea, uko ghorofani, karibu na chuo kikuu anachosoma mjukuu wangu Zuhura. Mchana wanafunzi hujaa humo mpaka mlangoni, mabegi sakafuni, vijiko vikivuka kutoka bakuli la huyu kwenda la yule kana kwamba wote wamezaliwa tumbo moja. Nilikuwa nimeshauliza nyama imechinjwa na nani, Zuhura akaniambia, "Bibi, lako halina nyama, kula utulie." Nikatulia. Ndipo harufu ya chini ya bakuli ikanipanda, harufu ya wali ulioshika jiwe na kuanza kuungua kidogo. Ukoko. "Huo wa chini ndio watu wanaufuata hapa," Zuhura akasema. Nikacheka kwa sauti. Kwetu ukoko ulikuwa wa watoto, na wa wale ambao hawapewi sahani.

Nilikuwa na miaka tisa hivi, tunakaa Nyamirambo, mtaa wa Waislamu wa mji huu, nyuma ya chumba ambacho baba alishonea nguo. Babu yake baba alikuja na misafara ya biashara kutoka pwani, akaoa huku bara, akabaki, na ndiyo maana nyumbani tuliongea Kiswahili. Watu wa vilima vingine walituita Waswahili, na walipolitamka neno hilo walikunja pua. Walisema tunakula mbuzi, tunakula samaki, tunanuka. Katika ile miaka mitatu niliyosoma shule kulikuwa na msichana aliyehama benchi kila nilipokaa, eti nguo zangu zina harufu ya samaki mkavu. Nayataja haya mapema ili mtu asinitetee. Nilijua kudharauliwa kwa sababu ya chakula kunaumaje. Nilijua kuliko watoto wengi wa mji huu.

Mwaka ule Ramadhani iliangukia mvua kubwa. Palikuwa na mama mmoja mfinyanzi aliyekuwa akituletea vyungu, mwanamke mwembamba mwenye kucha zilizojaa udongo. Mvua ilikuwa imeharibu kibanda chake, vyungu vibichi vikamwagika kama uji, akamwomba mama yangu amruhusu akaushie vingine chini ya kibaraza chetu cha nyuma. Mama akakubali, kwa sharti la vyungu viwili vya bure, kwa kuwa mama yangu hakuwahi kukubali kitu hivihivi. Basi mwezi mzima wakawa wanakuja kila siku, yeye na binti yake, wamejitwika udongo kutoka kwenye kinamasi cha bondeni. Sasa wasomaji vijana lazima niwaeleze jambo. Wakati ule watu walinunua vyungu vya wafinyanzi, wakavipikia na kuvinywea maji, lakini hawakula chombo kimoja na waliovifinyanga. Mfinyanzi akija kwako ukimpa chakula, unampa kwenye jani la mgomba, anakula nje, jani linatupwa. Hakuna aliyetufundisha kwa maneno. Tuliona tu, kama tulivyoona watu wanavyokaa na wanavyosalimiana. Na baba, aliyetusomesha sisi watoto Kurani jioni na kutuambia wanadamu wote ni sawa kama meno ya kitana, alipita mbele ya lile jani kila siku bila kuliona.

Yule binti alikuwa wa rika langu, mwepesi, mcheshi, ana pengo la jino la mbele ambalo aliweza kupitisha ulimi kama nyoka ili kuniogopesha. Alinifundisha kukanda udongo mpaka uache kushika vidole. "Usiupige, si adui yako," alikuwa akiniambia, huku akinigonga mkono. Tukafinyanga vibakuli viwili, chake kizuri, changu kimeinama kama mlevi. Siku ya kuchoma, kizuri ndicho kilichopasuka, kikabaki kile changu kilevi, akacheka mpaka akakaa chini. Watoto tulikuwa tunafunga nusu siku, na ikifika adhuhuri mama aliniachia ukoko wa jana yake. Nilikuwa nauchukua nikaenda nyuma ya migomba, tukaula pamoja kutoka katika kile kibakuli kimoja, kidole kwa kidole, yeye akikwangua upande wake nami wangu. Nilimfundisha kusema Bismillahi kabla ya kula. Aliisema kwa uangalifu mkubwa, macho ameyafumba, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Hatukumwambia mtu. Mimi ndiye niliyesema tusiwaambie, na yeye hakuuliza kwa nini.

Siku ya Idi uani kulijaa. Shangazi zangu walikuja na watoto wao, pilau ikapakuliwa, sisi watoto tukatandikiwa mkeka wetu na sinia letu. Mama mfinyanzi akafika na vile vyungu viwili vya mwisho, na binti yake nyuma, ameoga, miguu imepakwa mafuta inang'aa. Akaniona. Akaja moja kwa moja, akachuchumaa kando yangu, akamimina maji ya kunawa kama alivyotuona tukifanya, akafumba macho, akasema Bismillahi, akatia mkono kwenye sinia. Mikono mingine yote ikatoka kwenye sinia. Binamu yangu Sada, aliyekuwa na ulimi kama wembe tangu anyonyeshwe, akaniangalia akasema, "Haa! Zaina! Kumbe wewe unakula nao? Basi hama kabisa, ukafinyange!" Watoto wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa na tonge mdomoni. Nilikuwa na nafasi ya kulimeza. Hakuna aliyenishika, hakuna aliyenipiga. Nikalitema. Nililitemea mkekani mbele ya magoti yake, wali na mate, nikasema kwa sauti ili hata watu wazima wasikie, "Ameuchafua! Mimi hata simjui!"

Hakulia. Alitazama lile tonge, kisha akautazama mkono wake, punje za pilau bado zimeshika vidole, akawa hajui aufanyie nini. Hakuthubutu kuulamba wala kuukung'uta. Mwishowe akaushikilia hewani, mbali na gauni lake, kama mkono wa mtu mwingine. Mama yangu akaja, akanyanyua sinia zima akalimwagia kuku. Pilau ya Idi, kwa kuku. Lakini kinachonitoa jasho mpaka leo ni yule mama mfinyanzi. Alipiga magoti. Alituomba radhi sisi, watoto wa pua zinazotoka kamasi, akisema, "Mnisamehe, mtoto hana akili, mnisamehe." Mama akawafungia chakula kwenye jani, akakipokea kwa mikono miwili, wakaondoka. Hawakurudi tena. Mwezi uliofuata mama alinunua sufuria.

Kama mambo yangeishia hapo ningekuwa mtu mbaya wa kawaida. Lakini mimi niliongeza langu. Zuhura alipokuwa na miaka saba hivi, alimnyima mtoto wa jirani andazi, nami nikataka kumfunza adabu, nikamsimulia kisa hiki. Nilipofika kwenye mkeka, mdomo ukapinda wenyewe. Nikasema watoto walicheka, ndiyo, lakini mimi nilimshika yule msichana mkono nikamwambia, "Kaa, kula, Mungu wetu mmoja." Zuhura akanitazama kama mwezi umetokea. Nani angekataa kutazamwa hivyo? Nikamsimulia tena, na wadogo zake, na watoto wa mwanangu wa pili, na kila mara nilijiongezea ujasiri. Safari moja hata Sada nilimfanya alie akiomba msamaha. Zuhura aliiandika kama insha shuleni, ikasomwa mbele ya wazazi, nami nilikuwa nimekaa safu ya mbele kwa kitenge kipya, nikapigiwa makofi. Niliyapokea.

Sasa turudi kwenye mgahawa wa Mkorea. Zuhura hakuwa amenileta kwa ajili ya wali tu. "Bibi, kuna rafiki yangu anataka sana kukuona," akasema, na msichana aliyekuwa ameketi naye, Claudine, ambaye kijiko chake kilikuwa kimeshatembelea bakuli langu mara mbili, akafuta mikono yake. Alisimama, akanipa mkono wa kuume huku ameushika kwa wa kushoto, kama wanavyofanya watoto waliolelewa. "Mukecuru," akaniita, yaani bibi mzee, kwa heshima, "kwetu ni kwa wafinyanzi. Zuhura alinisomea ile insha yake. Nyanya yangu bado yuko hai, na mpaka leo hali chakula mbele za watu. Tukimpeleka harusini anaomba afungiwe chakula chake akalie nyumbani, hata tukimwambia mambo yamebadilika. Anasema hakuna aliyewahi kula naye, hata mmoja. Nilipomwambia kuwa kuna mmoja aliyekula na mtoto wa wafinyanzi, kule Nyamirambo, aliniambia nikakushukuru." Na mimi nikasema nini? Nikasema, "Ah, mwanangu, ni jambo dogo." Nikatabasamu, Mungu anisamehe. Zuhura akanibusu shavuni, mbele ya watu wote.

Nikachota wali, nikautia mdomoni. Niliutafuna mpaka ukawa maji. Nilimwona akilini yule nyanya yake Claudine, nisiyemjua, amekaa kwake na chakula kilichofungwa, anafurahi kwa ajili yangu. Angekufa na furaha hiyo, na ilikuwa ya wizi. Nikaweka kijiko chini. "Claudine, kaa," nikamwambia. "Zuhura, na wewe nyamaza. Hakuna niliyemshika mkono. Nililitema tonge mbele yake, nikasema simjui." Zuhura akacheka kidogo. "Bibi, acha utani bwana." Nikawaambia yote, na kuku, na yule mama aliyepiga magoti. Nilisema kwa sauti yangu hii, ambayo haijui kunong'ona, mpaka vijana wa meza ya pili wakaacha kutafuna. Zuhura alikuwa anaangalia meza. "Uliniacha nikasome mbele ya watu," akasema. "Ulikaa mbele kabisa." Nikamjibu kwamba ndiyo, nilikaa mbele kabisa.

Claudine hakunitukana. Ningependa angenitukana. Aliuliza swali moja tu. "Aliitwa nani?" Mama yake alikuwa akimwita kutoka kwenye kibaraza kila siku, mwezi mzima, jioni wakitaka kuondoka, na yeye akiitika kwa kuimba. Nikatafuta. Nawajua kwa majina watoto wote waliokuwa kwenye ule mkeka, najua beberu aliyechinjwa alikuwa na doa jeupe sikioni. "Sijui, mwanangu," nikasema. "Nililisikia kila siku na sikulihifadhi." Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa anakitarajia. Akasema wana kipindi saa nane. Aliniaga kwa mkono, kwa adabu ileile, na Zuhura, ambaye tangu goti langu liharibike hajawahi kuniacha nishuke ngazi peke yangu, akashuka ngazi pamoja naye. Nikajishikilia ukutani mpaka chini. Pikipiki ikanirudisha nyumbani kupitia njia panda ya Sonatubes, na yule kijana dereva akaniuliza kama upepo unaniumiza macho. Nikamwambia ndiyo.

Wazee wenzangu hupenda kusema zamani ndivyo ilivyokuwa. Mimi neno hilo nimeliacha. Zamani ilikuwa na lile jani la mgomba, kweli, na watu wazima ndio waliolikata. Lakini nyuma ya migomba, saa sita mchana, palikuwa na watoto wawili waliokula pamoja wiki nne na hakuna aliyepata ugonjwa, kwa hiyo mmoja wao alijua kwamba hakuna uchafu wowote, na huyo ni mimi. Leo nawaona hawa wa chuo, mtoto wa wafinyanzi na kitukuu wa fundi cherehani, wanachangia chakula bila hata kutazama, na sitadai kwamba mimi nilisaidia kuleta siku hizi. Zilikuja bila mimi. Wajukuu wangu saba bado wanayo ile hadithi yangu nzuri, na Ijumaa hii watakuja kula kwangu kama kawaida, Zuhura sijui. Nitawasimulia jinsi ilivyokuwa kabla hawajanawa mikono, kwa sababu mtu akishashiba humwonea huruma mpishi, na mimi huruma hiyo siitaki.